Mwimbaji Naye Asikie

Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi nyimbo zao kwa kampuni ya HMV. Enzi hizo kurekodi kulikuwa ni kukaa chumba kimoja, udi, fidla na sauti, kila mtu akimsikia mwenzake bila kifaa chochote kati yao. Studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam iliendelea na mtindo huohuo kwa miongo kadhaa: bendi ya dansi iliingia nzima, magitaa, tarumbeta na waimbaji, ikapiga wimbo kwa mkupuo mmoja. Mmoja akiteleza, wote wanaanza upya.

Mama mmoja anayeishi Morogoro ameyaona yaliyofuata akiwa upande wa maiki. Wasikilizaji hawamjui kwa jina, maana kazi yake imekuwa viitikio, ile sauti ya pili na ya tatu inayobeba wimbo wa mtu mwingine. Alianza na kwaya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Walirekodiwa wakiwa wamesimama nusu duara mbele ya maiki mbili, na mwalimu wa kwaya ndiye aliyepanga uzito wa sauti kwa kumrudisha huyu hatua moja nyuma na kumsogeza yule mbele. Yeye alikuwa alto. Ufunguo aliupata begani kwa aliyesimama jirani yake, na soprano ikipanda alijua mapema kwa jinsi msichana yule alivyovuta pumzi.

Kisha zikaja kompyuta. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990, studio za Dar es Salaam kama Mawingu, MJ Productions na Bongo Records zilikuwa zinaijenga Bongo Fleva kwa utaratibu mpya: kwanza biti, halafu mashairi, halafu kiitikio, kila kimoja kwa wakati wake. Mwimbaji akabaki peke yake chumbani, na bendi yake yote ikahamia kwenye hedifoni. Kifaa hicho kikageuka kuwa mpiga gitaa wake, mpiga ngoma wake na jirani yake wa alto.

Ajabu ni kwamba kifaa hicho hakikupewa heshima iliyolingana na mzigo wake. Katika studio ndogo aliyoanzia mama huyu, prodyuza alivaa hedifoni nzito yenye mito ya kufunika sikio. Waimbaji walipewa ile ya redio ya kaseti ya kutembea nayo, sponji nyembamba mbili na utepe wa chuma ulioungwa kwa soltepu. Hakuna aliyehoji. Fundi ndiye anayesikiliza, watu waliona, mwimbaji kazi yake ni kuimba.

Sponji haizuii kitu. Mdundo wa kliki, ule wa kushika mwendo, ulitoka ukaingia kwenye maiki pamoja na sauti yake, na pale biti ilipokatika ili kiitikio kisimame chenyewe, ulisikika nyuma ya maneno, tsi, tsi, tsi. Prodyuza akapunguza sauti ya hedifoni. Kliki ikapotea, lakini kinanda nacho kikapotea, na yeye akawa anaimba chini kidogo ya ufunguo. Ikiongezwa, inavuja, ikipunguzwa, ufunguo unatoroka. Jioni nzima iliishia hapo, na lawama ikaenda kwenye koo lake. Ni dhuluma ambayo waimbaji wengi wa kizazi hicho waliivumilia kimya.

Programu ya Auto-Tune ilikuwa imeingia sokoni mwaka 1997, na baadaye ikawa dawa ya kila studio. Inaweza kuivuta noti hadi mahali pake. Haiwezi kuondoa woga wa mtu aliyekuwa akibahatisha.

Siku aliyovaa Sony MDR-7506 kwa mara ya kwanza alielewa tatizo lilikuwa wapi. Hedifoni hiyo ilitolewa mwaka 1991, ikifuata umbo la MDR-V6 ya 1985, na mpaka leo inakutwa kwenye studio za redio, filamu na muziki duniani kote. Nchini Marekani bei yake imezunguka dola 100 kwa miaka mingi, kiasi ambacho si kidogo kwa mwanamuziki wa Afrika Mashariki, ila ni kidogo mno kwa kifaa cha kazi kinachodumu hivyo. Vikombe vyake vimefungwa nyuma, waya wake ni wa springi, pini yake ndogo ina pini kubwa ya kuzungushia juu. Sauti zake za juu ni kali, na wapo wanaozilalamikia, lakini mwimbaji ananufaika nazo: alisikia pumzi zake, alisikia "s" ilivyochana, alisikia mahali alipoachia neno kabla ya wakati. Kasoro yake ni mito. Ngozi huchunika baada ya kutumika sana, na vipande vyeusi hubaki shavuni na kwenye kilemba. Mito mingine inauzwa, hubadilishwa kwa mkono bila fundi.

Miaka michache baadaye fasheni iligeuka. Beats by Dre ilipoingia mwaka 2008, na mifano yake ya bei nafuu ikajaa madukani, vijana walitaka besi inayotikisa fuvu. Kwa kusikiliza muziki njiani, hewala. Kwa kurekodi sauti, besi nzito ni kikwazo, na sababu yake imo ndani ya sikio lenyewe: sauti nene ikizidi nguvu hufunika zile zilizo juu yake. Mwimbaji anapoteza kinanda na gitaa, yaani vitu vinavyomwambia ufunguo uko wapi, anabaki na ngoma peke yake.

Kosa la pili lilikuja na bluututhi, hasa baada ya iPhone 7 kuondoa tundu la hedifoni mwaka 2016 na simu nyingine kufuata. Hedifoni za aina hiyo mara nyingi huchelewesha sauti kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Zikichelewa sehemu mbili za kumi, ni sawa na kumwimbia mpiga ngoma aliyesimama mita 68 kutoka kwako. Hakuna kipaji kinachoshinda umbali huo.

Leo mama huyu anarekodi nyumbani kwa prodyuza kijana, mtoto wa rafiki yake, kwenye chumba chenye magodoro ukutani na kadi ya sauti ya Scarlett. Mwaka jana kijana alikuwa ameweka akiba kwa ajili ya hedifoni moja ya gharama, ya kumiksia.

"Shikamoo ma' mdogo. Nimeipata ya Kijerumani, beyerdynamic, omu 250."

"Marahaba mwanangu. Na sisi waimbaji tutavaa nini?"

Swali hilo liliwapeleka dukani pamoja. Hedifoni yenye ukinzani wa omu 250 inahitaji nguvu ambayo simu na kadi nyingi ndogo hazina. Kwa vifaa vyao, hedifoni ya omu 30 hadi 80 ingelia vizuri zaidi. AKG K240 Studio, ya omu 55, ilikuwa laini masikioni na bei yake nzuri, lakini ni ya nusu wazi, kwa hiyo inavuja. Hiyo ni ya kumiksia. Audio-Technica ATH-M20x, ya omu 47, imefungwa, na nje huuzwa kwa karibu nusu ya bei ya Sony. Mito yake ni midogo na waya hautoki, lakini haivuji hovyo.

Mama alikuwa na jaribio lake. Hakuomba wimbo wenye besi. Alitaka kiitikio chake mwenyewe kilichorekodiwa bila biti, akakisikiliza kwenye kila hedifoni, halafu akaivua, akaifumba vikombe kwa viganja viwili na kumwambia kijana asogeze sikio. Anachokisikia kijana, maiki itakisikia pia. Alizikataa kabisa zilizoandikwa jina kubwa kwa robo ya bei inayojulikana, maana aina zinazopendwa studio ndizo zinazoghushiwa zaidi.

Fedha ya hedifoni moja ikanunua M20x kadhaa na kikuza sauti kidogo chenye matundu manne, kwa sababu mama ana imani moja ambayo hatetereki nayo: kumiksi kunaweza kurudiwa kesho, ila sauti iliyoimbwa bila kusikia inabaki hivyo hivyo ndani ya wimbo. Sasa viitikio wanavirekodi wanne kwa pamoja, kila mmoja na hedifoni yake, wakitazamana. Kijana anamiksi kwa K240 ya mtumba aliyoibadilishia waya, kisha anaupeleka wimbo kwenye spika za gari la baba yake kuuhakiki.