Somo la Bure Nalo Likaguliwe

Elimu ya afya isiyo na malipo si jambo geni nchini. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia watu wazima wapatao milioni 2 kwa njia ya redio. Kila kikundi kilikuwa na kijitabu na kiongozi aliyefunzwa, hivyo asiyeelewa alikuwa na mtu wa kumwuliza.

Siku hizi somo huja kwa simu, na msomaji hubaki nalo peke yake. Tarehe 20 Januari 2025, ilipotangazwa kwamba homa ya Marburg imethibitishwa wilayani Biharamulo, dada yangu alikuwa muuguzi wa zahanati katika wilaya jirani ya Ngara. Semina ilikuwa haijamfikia. Usiku, watoto wakisha kulala, alisoma masomo ya bure ya mtandaoni, kisha akanipigia simu. Somo moja lilimwonyesha mhudumu akinyunyiziwa klorini mwili mzima kabla ya kuvua mavazi ya kinga. La pili lilikataza jambo hilo.

“Kaka, nimfuate yupi?”

Mimi si mganga, lakini kazi ya gazeti imenizoesha kuuliza habari imetoka kwa nani, na lini. Somo la kwanza halikuwa na tarehe wala jina la mtungaji. La pili lilitaja mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Agosti 2023.

Wala haya si mambo ya kupuuza. Klorini ya kusafishia sakafu huchanganywa kwa asilimia 0.5, ya mikono, pasipo na sabuni wala kitakasa mikono, ni asilimia 0.05. Sifuri moja ikidondoka, nguvu huzidi mara kumi. Gazeti likidondosha sifuri, kesho yake huomba radhi. Katika mlipuko wa Biharamulo, uliotangazwa kumalizika tarehe 13 Machi 2025, walihesabiwa wagonjwa 10, wawili wakiwa wamethibitishwa kwa vipimo, na wote 10 walifariki.

Dada alipata cheti chake mtandaoni kwa kujibu maswali. Hata hivyo, mtaalamu alipofika na kumtaka avue mavazi yale mbele yake, aligusa barakoa kwa glavu iliyokwisha kuchafuka. Simu isingeweza kuliona kosa hilo.

Ningependa waganga wakuu wa wilaya wachague masomo machache, wayapitie wao kwanza, na orodha yake, pamoja na tarehe, ibandikwe ukutani katika kila zahanati, kuanzia zile za mpakani Rusumo.