Pumu: Dawa ya Kukinga Ni ya Kila Siku



Nyumbani kwetu mwenye pumu, ama asima kama wengi wetu tunavyosema, ni binti yetu wa miaka tisa. Mwaka 2023 tulifika Nkamira, hapa Rubavu, tukitokea Masisi. Tulilala kwenye hangari pamoja na familia nyingi. Baridi ya usiku, vumbi na moshi wa makaa vilimbana kifua karibu kila juma. Muganga akampa pompe mbili: salbutamol, ya bluu, ya kufungua kifua kikibana, na beclometasone, ya kukinga, asubuhi na jioni.

Hii ya pili ndiyo ilileta maneno. Majirani waliuliza: "Mtoto anacheza vizuri, dawa ni ya nini tena?" Bibi yake akaogopa atazoea. Tukawaeleza kama tulivyoelezwa: njia za hewa za mwenye pumu zinaweza kuvimba hata siku hakohoi. Dawa ya kukinga inapunguza uvimbe polepole, na faida yake yaweza kuchukua majuma kuonekana. Mtu hawi mtumwa wake. Lakini ukiiacha kwa kuwa mtoto ni mzima, uvimbe unarudi. Nyiragongo ilipotapika moto tarehe 22 Mei 2021 haikupiga hodi. Pumu nayo ni hivyo hivyo.

Sisi tunafanya hivi. Tunatikisa pompe, tunaichomeka kwenye tundu la chini ya chupa ya plastiki ya nusu lita. Mtoto anatoa pumzi, anafunga midomo kwenye shingo ya chupa, tunabonyeza mara moja, anavuta polepole na kushikilia pumzi mpaka tuhesabu kumi. Tunangoja kidogo, kisha mara ya pili. Mwisho anasukutua kwa maji na kutema, maana dawa ikibaki mdomoni inaweza kuleta utando mweupe.

Pompe yake ina mivuto 200. Kwa siku ni minne, basi inatosha siku 50. Tunaandika tarehe ya kuanza, kwa sababu pompe inaweza kupuliza hewa tu hali dawa imekwisha. Hatuiweki karibu na moto. Jirani akiomba, tunamsindikiza kwa muganga, hatumgawii. Na mukiitwa kupanda basi la kwenda Mahama, dawa na karatasi za muganga zikae kwenye mfuko wa mkononi, si kwenye mizigo.

Kifua kikibana ghafla, ile ya kukinga haitaokoa. Tumia ya bluu. Mtoto akishindwa kumaliza sentensi, mbavu zikivutwa ndani, ama midomo ikibadilika rangi, mukimbize kwenye kituo cha afya hata kama ni usiku wa manane, huku mukiendelea kumpa ya bluu njiani.

Wazazi wenzetu, kama muganga amewaandikia dawa ya kukinga, musiikatishe wenyewe. Mukiona nafuu, murudi mumuulize kwanza. Kaeni salama.