Landrova ya marehemu babu na jino moja la cheni

Najua nimepotea, na wengine mmeshaanza kunitumia meseji kuuliza kama nimedisco. Sijadisco bwana! Nilikuwa nyumbani likizo nzima, mikono imejaa grisi mpaka kwenye kucha, na hata leo nikishika chaki alama za vidole zinabaki nyeusi. Ngoja niwasimulie, ila ni ndefu, kaeni mkao wa kula.

Babu yetu aliacha Land Rover Series III, ile ndefu ya 109, ya petroli. Wanaojua magari wanajua zilitengenezwa kuanzia 1971 mpaka 1985. Yetu ni ya 1978. Tangu babu afariki ilikuwa imepaki chini ya mwembe, kuku wanatagia kwenye siti ya nyuma. Mdogo wangu anaenda kidato cha tano, mama akasema sasa basi, iuzwe. Akaja mnunuzi mmoja, akasema hivi: ikiwa imekufa anainunua kwa bei ya chuma chakavu, ikiwa inawaka na kupanda mlima anatoa mara nne yake. Mara nne wadau! Mjomba akashauri tutoe injini yote tuweke ya Kijapani kama wanavyofanya wengi, lakini huyo mnunuzi anaitaka na injini yake ya asili. Ndipo akaitwa fundi mmoja mzee wa pale mtaani, na mimi nikajipachika cheo cha msaidizi wa fundi. Si nasoma Fizikia na Hisabati? Fundi akaniita "mwalimu" kuanzia siku ya kwanza, sijui kwa heshima au kwa kunisanifu.

Tulipofungua tukakuta ugonjwa uko kwenye kemshafti. Kwa wasiojua, kemshafti ni ule mhimili wenye vifundo vya umbo la yai. Ukizunguka, kila kifundo kinasukuma tapeti, tapeti inasukuma fito, fito inanyanyua roka ya juu, na roka inakandamiza valvu ifunguke. Silinda nne, valvu nane, vifundo nane. Krenki ikizunguka mara mbili, kemshafti inazunguka mara moja tu. Kwenye injini hii kemshafti haiko juu kama kwenye magari ya siku hizi, imelala ndani ya bloku, na tapeti zake zina rola zinazobiringika juu ya vifundo. Rola moja ilikuwa imegoma kuzunguka, ikawa inakwangua kifundo chake kama msasa. Kifundo kimeliwa hadi unaona huruma.

Kemshafti nyingine tukaipata Kariakoo, imetoka kwenye injini iliyokatwa, tukaipima kifundo kwa kifundo ikawa sawa.

Sasa kuirudisha ndiyo shughuli yenyewe. Haisukumwi kama bomba. Inaingilia mbele, kwa hiyo rejeta na grili vyote vimeshatoka, unaipaka oili nzito kila mahali, unaiingiza polepole huku unaizungusha, kwa sababu ncha ya kifundo ikigonga beringi laini inaikwaruza na umeshaharibu. Fundi alinifanya niitoe na kuiingiza mara tatu bila sababu yoyote, eti mkono ujue njia. Halafu tapeti. Kila moja irudi kwenye tundu lake ilikotoka (nilikuwa nimezipanga kwenye trei ya mayai, namba moja hadi nane, fundi akanisifia kwa hilo). Kile kipande kinachokaa juu ya rola kimeandikwa FRONT upande mmoja, upande huo utazame mbele ya gari. Na rola yenyewe ina mdomo mmoja uliochongwa zaidi ya mwingine, nao utazame mbele. Ukikosea, hutaona chochote siku hiyo.

Halafu tukafika kwenye taimingi. Hapa ndipo nilipojiona profesa.

Mimi nimezoea michoro ya vitabuni, pistoni namba moja iko juu kabisa, basi weka alama ziangaliane, funga cheni, kwisha. Nikachungulia kwenye kidirisha cha flaiwili, nikaona alama ya TDC, nikaiweka kwenye kishale. Fundi akacheka hadi kofia ikamdondoka. "Mwalimu, hiyo ya moto, siyo ya cheni." Kumbe kwenye flaiwili ile kuna alama nyingine, EP, nayo ndiyo ya cheni. Maana yake ni kwamba krenki ikiwa hapo, valvu ya kutolea moshi ya silinda namba moja inatakiwa iwe imefunguka hadi mwisho wake.

Tatizo ni kujua huo mwisho. Juu ya kifundo pamelala kidogo, valvu ikifika kule inakuwa kama imesimama, jicho halioni. Wenye karakana kubwa wana geji ya saa. Sisi tulikuwa na spoku ya baiskeli. Hili ni langu kabisa na najivunia: niliegemeza spoku kwenye kigingi, sentimeta tatu upande wa valvu na thelathini upande wa pili, nyuma yake nikasimamisha rula. Wenyeo tunakumbuka fizikia, si ndiyo? Valvu ikishuka milimita moja, ncha ya spoku inapanda kumi. Nikazungusha kemshafti taratibu, nikaweka alama pale spoku ilipoacha kupanda, nikaendelea, nikaweka nyingine pale ilipoanza kushuka. Katikati ya hizo mbili ndiyo kilele. Fundi alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema, "Kumbe mnafundishwa."

Gia ya kemshafti nayo ina njia za ufunguo zaidi ya moja, zimepishana kidogo, ili meno ya cheni yasipokubali kwa njia hii unajaribu ile, unasogea chini ya jino moja. Tukaipata inayokubali.

Ikafika saa saba, fundi akaitwa msibani. Akaniambia: mwalimu, valisha cheni, upande unaovuta usiwe na ulegevu hata kidogo, ulegevu wote uende upande wa tensheni. Ukimaliza zungusha krenki raundi mbili kwa mkono, urudi EP, upime tena na ule mdudu wako. Nikasema sawa fundi.

Cheni nilivalisha. Upande unaovuta nilibonyeza kwa kidole, ukacheza kidogo. Nikajiambia kidogo tu. Zile raundi mbili nilizungusha, ila kupima tena sikupima. Njaa ilikuwa inauma, spoku nilikuwa nimeshaing'oa, na kusema ukweli nilishasifiwa, nikaona inatosha. Fundi aliporudi akauliza, "Umepima?" Nikajibu, "Nimepima."

Hapo ndipo pananiuma hadi leo.

Tukafunga kila kitu. Tapeti tukaziweka inchi 0.010, na hapa fundi alinifundisha kitu kitamu cha kuwapelekea wanafunzi wangu kwenye BTP. Ukitaka kurekebisha valvu namba moja, zungusha hadi namba nane iwe imefunguka kabisa. Ukitaka ya tatu, fungua ya sita. Ya tano, fungua ya nne. Jumla ni tisa siku zote! Nilikaa chini na kalamu nikatafuta sababu: injini inawaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2, namba moja na nne zinaenda pamoja zikipishana raundi moja ya krenki, mbili na tatu vilevile, na valvu zimepangwa kama kwenye kioo. Fundi hajawahi kuandika hiyo kanuni popote. Ipo tu kichwani.

Ikawaka! Mama akapiga vigelegele. Ila ilikuwa inatema hewa kwenye kabureta, puh puh, na ukikanyaga mafuta inasita kama mtu anayeitwa na baba yake. Kesho yake mnunuzi akaja, wakaenda nayo hadi kile kilima cha kanisani. Haikufika nusu. Mnunuzi akarudi kwa miguu, akamwambia mama anarudia bei yake ya chuma chakavu.

Mjomba alimgeukia fundi mbele ya watu wote. Maneno aliyomwambia siwezi kuyaandika hapa, mzee wa watu mwenye mvi! Kwamba kala hela ya yatima, kwamba macho hayaoni tena, astaafu. Fundi akanitazama mara moja tu. Sikusema kitu. Wadau, mimi nilisimama pale nikiangalia viatu vyangu.

Usiku sikulala. Alfajiri nikaenda kwake kabla hajafungua banda. "Shikamoo fundi." "Marahaba." Nikamwambia yote, cheni, njaa, spoku. Akasema, "Nilijua jana kwa sauti yake. Nilikuwa nasubiri nione mwalimu wa namna gani." Halafu akasema niende nikamwambie mjomba wangu mwenyewe, yeye hataki kusikia samahani ya chumbani.

Nikaenda. Mjomba hakuniacha salama, hilo niachieni mwenyewe.

Ilituchukua siku mbili kutoa tena rejeta, puli na kava la mbele. Spoku ikarudi kazini: krenki iko EP, kilele cha valvu kimechelewa, jino moja kamili. Nikatoa cheni, nikavuta upande wake hadi ukawa kama waya wa gitaa, nikafunga, raundi mbili, nikapima. Nikazungusha tena mbili, nikapima tena. Mara ya tano fundi akasema basi sasa unaichosha.

Jumamosi ilipanda kilima cha kanisani na gia ya pili, mimi naendesha, fundi pembeni, mama nyuma kwenye siti ya kuku amekataa kabisa kubaki. Kule juu akaomba tusizime kwanza. Alikuwa anasikiliza. Akasema babu alikuwa akifika hapa anapiga honi mbili.

Mnunuzi amepiga simu mara tatu sasa, bei ni ile ya mara nne. Mama anasema atampigia. Ada ya mdogo wangu inatakiwa mwisho wa mwezi huu, boom langu lenyewe mnalijua. Mjomba anasema uza leo. Mimi wameniuliza, sijajibu.

Test ya saikolojia ni Jumatatu na sijafungua daftari. Nitawajuza.