Kiti cha Mbele ni cha Nani?



Msafiri atokaye Pwani, akishika Barabara ya Jogoo kutoka katikati ya Nairobi, huipita Kaloleni na Makadara kabla ya kufika Donholm. Zamani barabara hiyo iliitwa Doonholm, kwa jina la shamba la walowezi lililokuwa upande huo. Leo shamba halipo. Pamejaa nyumba za ghorofa, maduka na matatu.

Ukiitazama njia hiyo utakumbuka kumbi za michezo za Roma ya kale, ambako kuketi kulikuwa na sheria. Maseneta walikaa chini, mbele ya jukwaa. Mwaka 67 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, sheria ya Roscius iliwatengea matajiri wa tabaka la pili safu 14 zilizofuata. Mafukara walipanda juu, nyuma. Mtu alijulikana cheo chake kabla hajatajwa jina.

Wakoloni waliipanga Nairobi vivyo hivyo. Vilima vyenye baridi, kama Muthaiga, vilikuwa vya Wazungu. Parklands na Ngara za Wahindi. Waafrika wakasukumwa uwanda wa mashariki. Kaloleni ilijengwa kwa ajili yao miaka ya 1940. Hata katika gari la moshi, behewa la daraja la tatu ndilo lililokuwa lao.

Sheria hizo zimekwisha, lakini tazama harusi zetu, Donholm na hata Pwani. Katika hema la wanawake, viti vyenye vitambaa hungojea waliokuja kwa magari makubwa. Bibi mzaa bibi harusi huonyeshwa kiti cha plastiki pembeni, na waliokesha wakipika biriani hula wamesimama. Kutenga wanaume na wanawake ni stara, wala silo nilisemalo. Nisemalo ni kumpima mtu kwa mkoba wake.

Surat Al-Mujadila, aya ya 11, yatuamrisha tupeane nafasi katika mabaraza. Nao Masahaba, walipofika kwa Mtume (S.A.W.), kila mmoja aliketi pale alipokuta pameishia watu.

Basi enyi mama mnaoandaa shughuli, kabla ya wageni kuwasili, wekeni safu ya kwanza kwa wazee na wapishi. Tajiri akichelewa, naye akae alipokuta nafasi. Heshima yake haitapungua.

Wabillahi tawfiq.