Tulipochanika Msuli Mbele ya Wanachuo

Asubuhi moja, katika uwanja wa shule ya mazoezi hapa Musoma, tulikusudia kuwaonyesha wanachuo namna ya kuanza mbio za mita 100. Wao walikuwa wametoka mchakamchaka; sisi tulikuwa tumetoka mezani kusahihisha maandalio yao ya masomo. Tulichuchumaa, tukachomoka. Kufika hatua ya kumi hivi, nyuma ya paja pakalia kama ugwe uliokatika, tukaanguka.

Mzee jirani alikuja na maji ya moto. "Mwanangu, lala nikuchue," alisema. Tulimshukuru, tukamwomba radhi. Msuli uliochanika huvuja damu ndani, na joto au kuchua katika siku mbili tatu za mwanzo huzidisha uvimbe. Mwanachuo mmoja alikwenda Mwigobero kwa wauza samaki, akaleta barafu. Tuliizungushia kitambaa, tukaiweka pajani dakika 15, mara kadhaa kwa siku, mguu ukiwa umefungwa bendeji na kuinuliwa juu ya mto.

Daktari alieleza kwamba mchaniko ulikuwa wa daraja la pili, ambao kwa kawaida huhitaji wiki 4 hadi 8. Lakini katika wiki ya tatu, kwa kuwa tulitembea bila maumivu, tulikimbia. Msuli ukachanika tena. Kosa hilo lilikuwa letu wenyewe: maumivu yalikwisha, kovu lilikuwa bado changa.

Ndipo tulipoanza upya kwa utaratibu: kutembea, kulala chali na kuinua nyonga kwa kukanyagia visigino, kuurefusha msuli polepole ukiwa umebeba uzito, kukimbia taratibu, mwisho, kukimbia kasi. Hatukupanda ngazi yoyote kabla ya kuimudu ile ya chini yake bila maumivu.

Ndugu wanachuo, sote huwasimulia watoto habari za John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Mexico City mwaka 1968 huku goti lake limefungwa bendeji. Astahili sifa. Lakini Akhwari alikuwa mtu mzima aliyejiamulia mwenyewe. Mtoto humtii mwalimu. Basi mtoto akishika nyuma ya paja katika mbio za UMITASHUMTA, asiambiwe ajikaze. Asimamishwe. Na kabla ya mbio hizo hapana budi viungo vipashwe moto, vya mwalimu vikiwa vya kwanza.