Baiskeli ya Umeme: London Ulizia Uzito, Dar Ulizia Tairi

Tangu tarehe 31 Machi 2025, mtu akifika na baiskeli ya umeme kwenye stesheni ya treni za chini ya ardhi jijini London, kinachoangaliwa ni kama inakunjwa. Isiyokunjwa haiingii. Mwezi mmoja kabla ya hapo moja ilishika moto katika kituo cha Rayners Lane, na mamlaka ya usafiri ya jiji ikasema basi. Za kukunja zilinusurika kwa hoja kwamba betri zake kwa kawaida zimekaa mahali pasipogongwa ovyo, na kwamba wenyewe huwa hawazichokonoi ili kuziongezea nguvu.

Mchukue muuguzi wa Kitanzania anayekaa Barking, mashariki mwa London, kwa sababu kodi za katikati ya jiji hazishikiki. Zamu inaanza saa moja na nusu asubuhi. Chumba chake kiko ghorofa ya tatu, lifti hakuna, na korido ni ya wapangaji wote, kwa hiyo mwenye nyumba hataki kuona hata viatu pale. Kuiacha baiskeli nje usiku ni kumgawia mwizi. Kufuli la London hukatwa kwa grainda mchana kweupe watu wakipita. Mtu wa namna hii hanunui baiskeli. Ananunua kitu kitakachokaa kati ya kitanda na kabati, kisha kikishuka ngazi kigeuke baiskeli.

Ndiyo maana jina la Brompton, baiskeli ya kukunja, halikosekani mtu wa namna hii anapotafuta cha kununua. Andrew Ritchie alianza kuiunda katikati ya miaka ya 1970 katika nyumba yake iliyotazamana na kanisa la Brompton Oratory, na hadi leo inatengenezwa London, kule Greenford. Namna inavyokunjwa inafaa kutazamwa kwa karibu. Ikiwa ni ya umeme, kwanza unachomoa mfuko wa betri uliopachikwa mbele. Gurudumu la nyuma linazungushwa chini ya fremu mpaka baiskeli inakaa kama imechuchumaa. Unalegeza kibano cha katikati, nusu ya mbele inarudi kulala ubavuni mwa ile ya nyuma na kujishikiza kwa ndoano ndogo. Usukani unaangushwa pembeni, siti inashushwa mpaka chini, na kushuka huko kwa siti ndiko kunakofunga vyote visifumuke. Pedali ya kushoto inakunjwa mwisho. Aliyezoea hamalizi hata dakika.

Tabu inaanza pale inapobidi kuinyanyua. Ya umeme ina kilo kama 17, na karibu 3 kati ya hizo ni betri peke yake. Treni za chini ya ardhi zina vituo 272, na zaidi ya nusu havina njia ya kufika jukwaani bila kukanyaga ngazi. Kwa hiyo mnunuzi wa London huuliza uzito kabla ya bei, na akitoka dukani bila kuibeba walau mara moja na kupanda nayo hatua kadhaa, atajuta mapema. Bei nayo si ya utani: ni karibu pauni 3,000. Wengi huinunua kupitia mpango wa serikali ulioanza mwaka 1999, ambapo mwajiri anainunua na mfanyakazi anakatwa kidogo kidogo kwenye mshahara kabla ya kodi.

Sheria za Uingereza ni chache na zinaeleweka. Mota isizidi wati 250, isaidie mpaka kilomita 25 kwa saa tu, mwendeshaji awe na miaka 14 au zaidi, na akanyage pedali. Ukitimiza hayo huhitaji leseni wala bima. Ukiipachika mota kubwa au kishikio cha kuvuta mafuta kama pikipiki, umeshakuwa na pikipiki isiyosajiliwa, na polisi huzikamata. Zima Moto ya London nayo haina simile na betri: mwaka 2023 ilikuwa inaitwa, kwa wastani, kila baada ya siku mbili kwenye moto wa baiskeli au skuta ya umeme. Mara nyingi chanzo ni betri ya kuungaunga au chaja isiyo yake. Wanaosisitiza usichaji ukiwa umelala, wala mlangoni pa kutokea, wana sababu.

Sasa huyu muuguzi anataka kurudi nayo nyumbani, au anataka tu kumpelekea baiskeli hiyo mdogo wake aliyeko Kigamboni, Dar es Salaam.

Atakwama kabla hajafika Dar. Kanuni za ndege haziruhusu abiria kusafiri na betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160, iwe mkononi au kwenye begi la chini. Ya Brompton ni wati-saa 300 au zaidi. Baiskeli itapanda ndege, betri itabaki. Kwa meli inawezekana, ila inahesabiwa mzigo wa hatari na lazima itajwe kwenye nyaraka. Kuificha katikati ya magodoro na masufuria kwenye kontena la kuchangia ni kuhatarisha mali za wenzako wote. Kilicho rahisi katika safari nzima ni chaja: plagi ya Uingereza ya miguu mitatu ndiyo ya Tanzania na Kenya pia.

Ikishafika, lile lililokuwa sababu ya kuinunua halina kazi. Mabasi ya mwendokasi ya Dar yalianza mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, na asubuhi pale Kimara mtu anaingia na mkoba wake kwa kusukumana. Nani atampisha mwenye furushi la kilo 17 lenye grisi? Daladala ndiyo usiseme. Wazo la kuendesha hadi kituoni, kukunja, kupanda na kukunjua linafia hapo, angalau saa za kwenda na kurudi kazini.

Hata hivyo, kukunja kunakuja na faida nyingine ambazo muuzaji wa London hazitaji. Ofisi nyingi za eneo la Posta, katikati ya jiji, hazina pa kuegesha baiskeli, na mlinzi getini hatakubali dhamana. Iliyokunjwa unaingia nayo ndani na inakaa chini ya meza. Ikiharibika njiani, inatiwa kwenye bajaji na kurudishwa nyumbani, jambo lisilowezekana kwa Swala au Phoenix ya keria ndefu. Kwa mtu wa Kigamboni, pantoni ndiyo treni yake: anaendesha hadi kwenye kivuko, anavuka na baiskeli yake pamoja na wauza samaki na mikokoteni, anashuka Magogoni, na Posta iko palepale. Huko si lazima hata kuikunja.

Mota nayo inabadili kazi. London inasaidia dhidi ya upepo na kilima. Dar, ambako sehemu kubwa ni tambarare, inasaidia dhidi ya jasho. Saa mbili asubuhi ya mwezi Februari, mtu akikanyaga pedali kwa nguvu zake kutoka Mbagala hadi mjini atafika ameloa shati zima. Akisaidiwa na mota, anafika akiwa anaweza kukaa kwenye kikao. Hili lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu Dar bado kuna macho yanayomwona mwenye baiskeli kama mtu aliyeshindwa kununua pikipiki. Tanga na Unguja wangewacheka wenye macho hayo. Huko baiskeli inapandwa na kila mtu, mwalimu na mvuvi, mama na mtoto wa madrasa.

Ila kuna tairi, na hapa ndipo mnunuzi aliyeko ughaibuni hukosea zaidi. Brompton ya kawaida ina gurudumu la inchi 16, na wengi hudhani tairi ya baiskeli ya mtoto itaingia. Haiingii. Ubavuni mwa kila tairi kuna namba mbili zenye kistari katikati. Ya pili ni kipenyo cha rimu kwa milimita. Ya mtoto ya inchi 16 huandikwa 305, ya Brompton 349. Tofauti ni upana wa vidole viwili hivi, na hakuna fundi atakayeilazimisha. Baiskeli yenye magurudumu ya inchi 20 yaliyoandikwa 406 inatumia kipimo kilekile cha BMX, na tairi na tyubu za BMX Kariakoo hazijawahi kuadimika. Brompton wenyewe mwaka 2024 walitoa G Line ya inchi 20, kwa ajili ya njia mbovu. Ni nzito zaidi na ikikunjwa ni kubwa zaidi, yaani kwa mtu wa Barking ni hasara mara mbili. Kwa Dar ndiyo ya kuanzia kuitazama, au nyingine yoyote ya inchi 20 isiyo na jina kubwa.

Sababu nyingine ni barabara. Gurudumu dogo linaingia kwenye shimo ambalo kubwa lingelipita juu, na kwenye mchanga wa pembezoni linazama. Muuguzi wetu akiwa London ana njia ya baiskeli iliyofunguliwa mwaka 2010 kutoka Barking hadi karibu na Tower, yaani kutoka mtaani kwake hadi mjini. Barabara ya Morogoro nayo ilijengewa njia ya baiskeli pamoja na mwendokasi, na mwaka 2018 Dar es Salaam ikapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu. Njia hiyo leo ina bodaboda zilizoegeshwa, meza za wamachinga na marundo ya nazi. Mwendeshaji anaiacha na kurudi barabarani, kwenye matuta na mashimo, na pale tairi nene inakuwa bima yake.

Pancha isimtishe. Gurudumu lenye mota lina waya na nati nzito, lakini fundi wa chini ya mwembe huwa halivui: anachokoa tairi upande mmoja, anavuta tyubu nje, anaitia kwenye beseni la maji, anaona mapovu, anakwangua, anapaka solusheni na kurudisha. Fundi wa dukani London angelivua gurudumu zima.

Umeme wenyewe ni bei ya pipi. Kujaza betri ya wati-saa 300 kunakula kama theluthi ya yuniti moja ya Luku, na chaji hiyo inakupeleka kilomita 30 au zaidi kwenye tambarare. Gharama halisi ni siku betri itakapochoka, na joto la pwani linaichosha haraka ikiachwa imejaa pomoni kwenye chumba cha bati au juani. Betri ya kampuni kubwa aghalabu huongea na mota kwa mfumo wake peke yake. Ikifa, inayofuata inatoka ng'ambo, na ndege ya abiria tumeshaona haiibebi. Zile za volti 36 za kawaida, zenye selo zinazouzwa kila mahali na kidhibiti kisichojali nani kaiunda, fundi mzuri wa vifaa vya umeme anaweza kuzifungua na kubadilisha selo zilizokufa, mradi awe na mashine ya kuchomelea vibati na asitumie pasi ya risasi. Kabla ya kulipa pauni yoyote, anayeagiza na ampigie simu fundi huyo kwanza, amtajie volti, aina ya selo na ile namba ya pili ya tairi.