"Alikuwa amekaa wapi?"

Leo nina ushuhuda ambao pia ni toba. Mama watoto ameniambia niuandike wote, nisiupunguze.

Mvua hizi zilipoanza, binti yetu wa mwisho, ana miaka 5, alikataa kulala chumbani kwake. Stima ikipotea tu, huyo mbio kitandani kwetu. Anasema kuna mtu anakuna mabati. Usiku wa kwanza nilimwambia mtoto wa pasta haogopi. Wa pili nikamuuliza imani yake iko wapi. Wa tatu nilikuwa nimetoka kesha, bado nina moto, nikaingia chumbani mwake nikaomba kama ninavyoomba madhabahuni. Nikakemea roho ya hofu. Nikaiamuru itoke. Sauti yangu mnaijua, hata bila maikrofoni.

Nilipomaliza, alikuwa amejifunika blanketi hadi kichwani, anatetemeka kuliko mwanzo. Akaniuliza kwa sauti ndogo sana, "Baba, huyo uliyemwambia atoke, alikuwa amekaa wapi?"

Sikuwa na jibu. Mtoto alikuwa anaogopa kitu kilicho juu ya mabati. Mimi nimekuja kumhakikishia kwamba kiko ndani, tena ni kikubwa hadi baba yake anapiga kelele.

Sisemi tuache kukemea. Maombi ya vita nitayaomba hadi Bwana arudi. Lakini mtoto wa miaka 5 ukisema "toka", yeye anaangalia mlango aone nani anapita.

Kesho yake usiku niliketi sakafuni kando ya kitanda chake, nikamwomba anieleze. Alinyamaza kwa muda. (Hilo liliniuma. Mama yake alikuwa ameshaambiwa yote, mimi bado.) Mwishowe akasema huyo mtu ana kucha ndefu, anakuja na upepo, na upepo ukiisha anaenda.

Nikachukua tochi, nikambeba mgongoni, tukatoka nje. Tawi la mti wa avokado lilikuwa limelalia paa. Nikalisukuma kwa mti wa ufagio, sauti ikawa ni ileile. Akasema, "Rudia." Nikarudia. "Tena." Mara ya sita alicheka. Nikamwambia asubuhi nitalikata, akakataa. Alisema sasa analijua.

Tuliporudi ndani nilimsomea Marko 4, ile dhoruba. Nimehubiri hapo miaka mingi, na kila mara nguvu zangu zote huenda kwenye swali la Yesu kuhusu imani ya wanafunzi. Usiku huo ndipo nilipoona kwamba kwa Marko, Yesu anatuliza upepo kwanza, kisha anauliza. (Mathayo ametanguliza swali, najua, msinitumie meseji.) Mimi nilikuwa nimeuliza maswali siku mbili na upepo bado unavuma.

Yeye wala hakujali upepo. Alichopenda ni kwamba Yesu alikuwa amelala kwenye mto.

Jana stima ilipotea tena. Nilingoja mbio zake, sikuzisikia. Nikaenda na tochi. Nilimkuta amesogea hadi ukutani, ameacha nusu ya mto wazi. Nikamuuliza anamwachia nani.

"Shhh, Baba. Usipige kelele, amelala."